Agosti Magharibi: Mwongozo Kamili kwa Mgeni wa Ngoma, Nyatiti na Fahali

Julai ikikaribia kuisha simu yangu haitulii. Binamu yuko Nairobi, rafiki niliyesoma naye yuko Mombasa, mwalimu mmoja wa Mwanza tuliyefahamiana harusini naye hakosi. Wote wana swali moja: "Watoto wanafunga shule, tunataka kuja huko kwenu tuone utamaduni. Tamasha ni lini, na tiketi ni pesa ngapi?"

Kwenye hiyo tiketi ndipo ninapolazimika kuwakalisha chini. Mambo mazuri ya huku magharibi mwa Kenya mwezi wa nane mengi hayana tiketi, na mengine hayana hata jukwaa. Yanafanyika uani kwa mtu, kwenye uwanja wa kijiji, kando ya mto alfajiri, au ndani ya ukumbi wa shule wenye viti vya kuazima. Anayeyaona vizuri ni yule mwenye mwenyeji. Mimi nilizaliwa upande wa Khayega na sasa naishi Kisumu, na kila mwaka napokea wageni. Haya ndiyo ninayowaambia, kwa mpangilio ninaotaka waufuate.

Hatua ya kwanza: jua msimu kabla ya kuuliza tarehe

Mambo ya huku yana majira yake kama mahindi. Shule hufunga muhula wa pili mwanzoni mwa Agosti. Watoto wanapelekwa kwa nyanya zao, watu wa mjini wanachukua likizo, mahindi mabichi yanachomwa kando ya barabara, na jioni unaanza kusikia ngoma kutoka mbali bila kujua ni boma gani.

Kwa Wabukusu wa Bungoma na Trans Nzoia, Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili ndiyo ya kuwatahiri wavulana. Ilikuwa 2022, ikawa 2024, na zamu nyingine ni 2026 na 2028. Ukija mwaka wa witiri ukitarajia kuona vijana wakikimbia na njuga, utarudi kwenu bure. Fahali wa Kakamega hawangoji Agosti, wao hupigana Jumamosi, na sikukuu zikifika mapambano huwa makubwa zaidi.

Halafu kuna mashindano ya muziki ya shule, ambayo wageni wengi huyapita bila kujua wanapita nini. Yalianza mwaka 1927. Shule hushindana kuanzia mashinani, wakapanda hadi kaunti, mkoa, kisha taifa, na fainali za taifa kwa kawaida huangukia Agosti. Kila mwaka fainali huwa na mwenyeji mwingine, kwa hiyo uliza mapema mwaka huu ni zamu ya nani. Zikiwa mbali, njoo Juni au Julai uone ngazi ya kaunti au ya mkoa, maana ushindani wa huko ni mkali vilevile. Keti tangu kundi la kwanza la ngoma za kitamaduni hadi la mwisho, kisha usitoke kwenda kununua soda waamuzi wanaposimama kutoa maoni. Hapo ndipo utasikia kwa nini kundi lililokupendeza limepoteza alama: hatua zimechanganywa na za jamii jirani, ala fulani haikupaswa kuwepo, wimbo wa mazishi umechezwa kwa furaha ya harusi. Saa mbili za maelezo hayo zinafundisha kuliko kitabu. (Ya drama, yaliyoanza 1959, kwa kawaida hufanyika likizo ya Aprili. Mpenzi wa maigizo apange safari yake wakati huo.)

Tahadhari moja ya kalenda: Kenya hupiga kura Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. Agosti 2027 itakuwa ya uchaguzi, tena ni mwaka wa witiri. Ukitaka kuona ngoma, chagua mwaka mwingine.

Hatua ya pili: tafuta mwenyeji

Hatua hii usiiruke. Nisikilize kwa makini, kwa sababu niliwahi kuiruka na nikaaibika mbele ya wageni wangu.

Kulikuwa na bango likizunguka kwenye makundi ya WhatsApp, lina picha nzuri ya wapiga isukuti, ngoma ya kwetu Kakamega, lina siku na mahali. Nikakusanya watu saba, tukakodi gari tangu Kisumu, tukafika uwanjani saa mbili asubuhi. Tulikuta mbuzi wawili na kijana anayefyeka nyasi. Bango lilikuwa la mwaka uliopita, na mtu alikuwa amebadilisha siku ya wiki tu. Yule kijana alitutazama kwa huruma akasema, "Mngeuliza." Ningepiga simu moja kwa shangazi yangu, aliye umbali wa kilomita tatu kutoka uwanja ule, tungelala usingizi wetu.

Kwa hiyo uliza. Popote ulipo Afrika Mashariki una jirani, mfanyakazi mwenzako au muumini mwenzako ambaye kwao ni Kakamega, Vihiga, Bungoma, Siaya au Kisumu. Mwambie unakuja, na umwombe namba ya mtu aliye nyumbani. Usiombe namba ya nduguye aliye Nairobi. Unataka mama mdogo anayeuza mboga sokoni, au mzee anayekaa na chifu kwenye baraza. Huyo ndiye anayejua kama fahali wa kijiji jirani wanapigana wiki hii, na boma gani lina kijana anayejiandaa kutahiriwa.

Kama kweli huna mtu, anza na waelekezi wa Makumbusho ya Kisumu au wale wa Msitu wa Kakamega walio Isecheno, karibu na Shinyalu. Wengi ni watu wa hapohapo na wanaweza kukupeleka hadi kwa mzee wa kijiji. Redio pia husaidia: Mulembe kwa Kiluhya na Ramogi kwa Kijaluo hutangaza mengi. Muulize hata dereva wa matatu kuna tangazo gani siku hizi.

Usiende mikono mitupu. Kilo mbili za sukari, majani ya chai, mkate, na chupa ya mafuta ya kupikia vinatosha. Mkabidhi mama mwenye nyumba, usivitue mezani kimyakimya. Salimia kwa lugha yao hata kama ni neno moja. Kwa Waluhya, "Mulembe" hutosha, na jibu lake ni "Mulembe" hilohilo. Kwa Wajaluo, asubuhi ni "Oyawore" na jioni ni "Oimore". Anza na mkubwa kuliko wote aliyepo, hata kama umekuja na mjukuu wake, na ukikaribishwa chai, keti unywe. Anayekataa chai akikimbilia ngoma ataonyeshwa ngoma, lakini hataelezwa kitu.

Hatua ya tatu: weka kituo Kisumu

Nawashauri wageni walale Kisumu na kutoka kila siku. Kutoka Nairobi ni kama kilomita 350 kwa barabara. Basi la usiku hukufikisha alfajiri, lakini ukisafiri mchana utauona Bonde la Ufa na mashamba ya chai ya Kericho, na watoto watakaa dirishani bila kulia. Ndege haifikishi saa nzima. Kutoka Kisumu, Kakamega ni kilomita 50 hivi kwa matatu zinazopitia Kiboswa, Mbale, Chavakali na Khayega. Ndani ya jiji, tuktuk na bodaboda ziko kila kona. Patana bei kabla ya kukaa.

Lipia chumba mapema na upate ujumbe wa kuthibitisha, kisha upige simu tena siku mbili kabla. Mwaka mmoja gesti fulani iliwapa watu wengine vyumba vyetu kwa sababu mkutano mkubwa ulikuwa umeingia mjini, nasi tukalala sita kwenye sebule yangu.

Kuhusu mzigo wako: Agosti huku si kiangazi. Asubuhi jua kali, na saa tisa au saa kumi alasiri wingu linaweza kupanda kutoka ziwani au msituni na kumwaga kwa nguvu. Kakamega inanyesha zaidi. Beba koti la mvua na viatu vilivyofunika vidole, na kama utaingia vijijini Bungoma, gambuti hazitakuaibisha. Sweta ni ya Nakuru na ya alfajiri mtoni. Kanda ya ziwa ina malaria, kwa hiyo lala ndani ya chandarua, na kama unatoka sehemu isiyo na malaria zungumza na daktari kabla ya kuondoka. Beba noti ndogondogo, za hamsini, mia na mia mbili, angalau ishirini. Sababu yake utaiona punde.

Hatua ya nne: siku mbili za upande wa ziwa

Anzia Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980. Ndani ya ua wake kuna boma la Kijaluo lililojengwa kamili, liitwalo Ber-gi-dala. Mwombe mwelekezi asimame nawe langoni kabla hujaingia kwenye nyumba yoyote. Nyumba iliyo mbele yako moja kwa moja, inayotazamana na lango, ni ya mikayi, mke wa kwanza. Ukishaelewa hilo, mambo mengine yote utakayosikia huku, nani anajenga wapi, nani anapanda mbegu kwanza, yatakaa mahali pake.

Alasiri hiyohiyo au kesho yake nenda Kit Mikayi, kilomita 29 hivi kutoka mjini kwenye barabara ya Bondo, katika nchi ya Seme. Ni miamba mikubwa iliyopandana, na jina lake maana yake ni jiwe la mke wa kwanza. Wenyeji husimulia kwamba mzee Ngeso alilipenda jiwe lile, akawa anashinda pangoni kutwa. Watu walipomuuliza mkewe mzee yuko wapi, alijibu kwamba amekwenda kwa mikayi wake. Mwaka 2019 UNESCO iliingiza mila na desturi za mahali hapo kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Watu bado wanakwenda kuomba, wengine hukesha. Ukikuta waumini wanaimba kati ya mawe, punguza sauti, zima muziki wa simu, na usipige picha ya mtu anayeomba. Kupanda ni kwa mikono na magoti, kwa hiyo sketi nyembamba na kandambili ziache garini.

Jioni ni ya muziki. Nyatiti, ala ya Wajaluo, ina nyuzi nane. Mpigaji hukaa kwenye kigoda kifupi karibu na ardhi, ameilaza ala ubavuni, njuga zimefungwa mguuni, na kwenye kidole gumba cha mguu amevaa pete ya chuma anayogonga nayo ubao wa ala ileile. Kwa hiyo mtu mmoja anakupa nyuzi, ngoma, njuga na sauti. Kaa upande ambao mguu wake unaonekana. Wageni wengi hukodolea macho vidole vya mikono, na kazi kubwa inafanyika kwenye kidole cha mguu. Ukisikia badala yake ule uzi mmoja unaolia kama mtu anayelalamika, hiyo ni orutu, na mara nyingi huifuata ohangla yenye ngoma za kasi.

Sasa, zile noti ndogo. Wajaluo wana desturi iitwayo pakruok. Mziki unapokolea, mtu huinua mkono, hutoa pesa kidogo, mwimbaji hupunguza ala, na yule mtu hujisifu au kumsifu ampendaye kwa mafumbo. Umati hucheka na kushangilia, ala hurudi kwa nguvu zaidi. Mliosoma Fasihi Simulizi mtakumbuka majigambo, ndugu yake wa karibu kabisa ni huyu. Mwaka jana nilikuwa na mgeni wa Mombasa, mtu mpole ambaye siku mbili alikuwa hajasema mengi. Mwimbaji aliponyamazisha nyuzi kwa ajili ya meza ya jirani, mgeni wangu naye akasimama, akatoa mia moja, akasema kwa Kiswahili: "Mimi ni mjukuu wa bibi aliyesuka mkeka usiku wa giza, asubuhi tukahesabu, hakuna ukili uliopotea njia." Kimya cha kupumua mara moja, halafu ukumbi mzima ukalipuka. Mzee wa meza ya pili alivuta kiti chake akaja kukaa nasi mpaka tukaondoka. Andaa sentensi yako nyumbani. Iwe fupi, imtaje mtu wako, na isimtukane yeyote.

Chakula cha upande huu ni samaki na ugali, ambao Wajaluo huuita kuon. Nenda Dunga, kilomita chache kutoka katikati ya jiji, ule ngege wa mchuzi huku boti zikirudi. Uvuvi wa omena husimamishwa kila mwaka kuanzia Aprili hadi Julai ili wazaliane, kwa hiyo Agosti ndiyo inafika mbichi sokoni, na hata asiyependa omena aionje wakati huo. Usiingie majini kwa miguu, kuna kichocho, na viboko wako karibu kuliko wanavyoonekana.

Hatua ya tano: Jumamosi ya fahali na isukuti

Hapa ni kwetu, mnivumilie nikirefusha.

Mchezo wa fahali wa Waisukha na Waidakho, Waluhya wa Kakamega, hauna mtu mwenye kitambaa wala upanga. Ni fahali kwa fahali. Viwanja vinavyotajwa mara nyingi ni Malinya, Khayega na Shinyalu. Mambo huanza asubuhi mapema, kwa hiyo ukilala Kisumu toka saa kumi na moja, au ulale Kakamega mjini usiku wa Ijumaa. Mara nyingi huoni lango wala mkata tiketi. Unafuata sauti.

Na sauti ndiyo sherehe yenyewe. Fahali haletwi kimya. Hutoka kwa mwenyewe akiwa amezungukwa na vijana wenye matawi, mbele yake isukuti. Isukuti ni ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, zinazotundikwa begani kwa mkanda na kupigwa kwa viganja, pamoja na pembe ya swala na njuga za chuma. Kiongozi anatupa ubeti, wengine wanaudaka. Fahali naye anatembea kama anajua anaimbwa. Watu hujiunga njiani, wanawake wanapiga vigelegele malangoni, watoto wanakimbia mbele kisha wanarudishwa kwa ukali. Ukiweza, mwenyeji wako akupeleke hadi kwenye boma la mwenye fahali, mtembee naye hadi uwanjani. Huo mwendo ndio mimi huwapeleka wageni kuuona, na mapambano ninayachukua kama nyongeza.

Uwanjani fahali wawili wanaletwa pande mbili, wanapuliza, wanachimba udongo kwa kwato. Pembe zikikutana husikika kama magogo mawili yaliyogonganishwa. Huenda ikachukua dakika moja, huenda ikawa nusu saa. Anayegeuza mgongo ndiye ameshindwa, na hapo ndipo hatari ya mgeni inapoanza: anayeshindwa hukimbia, popote, na mshindi anaweza kumfuata. Nilikuwa na miaka tisa nilipojipenyeza mbele kabisa. Fahali aligeuka, nikaona pua yake imelowa na jicho moja likinitazama, kisha mkono wa mjomba ukanivuta kwa kola tukaangukia kwenye ua wa miti ya miba. Makovu mawili ninayo kwenye kiwiko hadi leo.

Kwa hiyo simama juu ya mteremko, au nyuma ya mti mnene, au juu ya gari. Watoto wadogo wakae hapo juu na mtu mzima asiyeshika simu. Tazama wenyeji, usitazame skrini: wakianza kukimbia, kimbia nao, upande wao, bila kuuliza. Usifungue mwavuli ghafla. Na baada ya ushindi, umati unapomzunguka fahali ukiimba, furahia ukiwa umbali wa hatua ishirini.

Fahali hujeruhiwa wakati mwingine. Simlazimishi mgeni asiyependa kuona wanyama wakipigana. Huyo asubuhi hiyo huenda Msitu wa Kakamega, ambao ni kipande cha misitu ya mvua ya Kongo kilichobaki Kenya, kisha tunakutana naye saa tano kwenye ngoma.

Isukuti huchezwa pia kwenye harusi, mazishi, kuzaliwa kwa mtoto, jando na sherehe za kanisa, wanaume safu yao na wanawake yao. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya turathi zilizo hatarini, kwa sababu watunzi wengi ni wazee, warithi ni wachache, na hata pesa za vifaa na mavazi ni shida. Mimi nayaona hayo kwa macho. Kundi lililocheza harusi ya mama yangu limebaki na mpigaji mmoja. Kwa hiyo tuza. Usitupe pesa hewani, wala usimbandike mcheza ngoma usiyemfahamu. Mpe kiongozi wa wimbo mkononi, hadharani, ili kundi lote lione. Ukitaka kucheza, subiri kukaribishwa, ingia mwisho wa safu ya jinsia yako, na anza na mabega. Miguu itafuata yenyewe. Na kama unataka kundi likuchezee faraghani, patana bei kabla, kwa watu wote na muda wote, wala usipunguze ukidai "ni kijijini tu".

Kula kuku wa kienyeji na ugali kwa Waluhya, pamoja na mrenda. Mgeni kuchinjiwa kuku ni heshima kubwa. Usiseme umeshiba. Njiani kurudi Kisumu, utauziwa mukombero, mzizi wa kutafuna wenye utamu unaokuja baada ya uchungu.

Hatua ya sita: Bungoma, kwa mwaka wake

Kwa wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe, kijana wa Kibukusu huzunguka kwa jamaa akiwaalika. Mikononi ameshika njuga za chuma, chinyimba, anazigonga kwa mdundo mmoja usiochoka, na nyuma yake kuna kaka, dada, binamu na majirani wanaoitikia. Lazima afike kwa khocha, mjomba wake wa upande wa mama, na huko hupewa nyama ya kuvaa shingoni. Usiku wa mwisho watu hukesha. Alfajiri anapelekwa mtoni, anapakwa matope, na kurudi nyumbani kwa wimbo ambao hauimbwi siku nyingine. Anatahiriwa akiwa amesimama wima, mbele ya watu, bila kutikisika.

Msafara wa njuga unapita barabarani mchana, na huo mgeni yeyote anaweza kuufurahia, kuusindikiza kidogo na kumtuza kijana. Mimi nawashauri wengi waishie hapo. Mkesha na alfajiri ni vya walioalikwa na familia, na ukialikwa, kaa pale unapoonyeshwa, kina mama wakae na kina mama wa boma. Kamera iweke mfukoni kuanzia mtoni. Kijana ni mtoto wa mtu, yuko uchi, yuko katika saa nzito kuliko zote za utoto wake, na video yako itamfuata hadi kazini. Hata mwenye boma akiruhusu, usirekodi. Zawadi huja baada ya hapo: kuku, pesa, shuka, kila mtu kwa uwezo wake.

Kwa Watiriki wa Vihiga, jando hufanyika kwa siri. Usimsumbue mtu akupeleke, wala usipige picha ukikutana nao njiani. Pisha, endelea na safari.

Ukibahatika kupata mpiga litungu, ala ya nyuzi ya Wabukusu, mwombe akae na wacheza kamabeka, mchezo wa mabega ambao ukiutazama mgongo wako unaanza kuwasha.

Ukirudi, simama Nakuru

Nakuru iko kilomita 160 hivi kabla ya Nairobi, na tangu Desemba 1, 2021 ni jiji. Uliza kwenye ukumbi wa Nakuru Players kama kuna igizo wiki hiyo. Kama hakuna, nusu siku inatosha kwenda Hyrax Hill, makumbusho madogo nje kidogo ya mji kwenye barabara ya Nairobi, ambako mwanaakiolojia Mary Leakey alianza kuchimba mwaka 1937. Muulize mwelekezi akuonyeshe vishimo vya bao vilivyochongwa kwenye mwamba. Nilikuta wavulana wawili wa shule wameokota kokoto, wamechuchumaa juu ya lile jiwe, wanabishana nani amekula ngapi.

Kama Agosti imekukosa

Njoo Desemba. Tamasha la Wamaragoli hufanyika Mbale, Vihiga, kila tarehe 26 Desemba, na hilo halihamihami. Kisiwani Rusinga, Kaunti ya Homa Bay, Wasuba nao hufanya tamasha lao mwezi huohuo kabla ya Krismasi, na unaweza kuyaunganisha mawili hayo kwa safari moja. Kivuko cha Luanda Kotieno hadi Mbita kinafupisha njia. Ukiwa Rusinga usiache kufika kwenye kaburi la Tom Mboya. Kata tiketi ya gari mapema, maana wiki hiyo nusu ya Nairobi inarudi magharibi na nauli hupanda. Kutoka Kisumu, tarehe 26 asubuhi, chukua matatu ya Kakamega, mwambie konda akushushe Mbale, kisha uliza uwanja uko wapi. Siku hiyo hata mtoto atakuonyesha.